Viatu Nilivyovua Bondeni

Nina jozi mbili za viatu vya kukimbilia. Zote nazipenda, ila siwezi kusema nazipenda sawasawa, maana huo utakuwa uongo.

Ya kwanza ni raba nyeusi za kitambaa, zile wanazovaa watoto wa shule siku ya michezo. Hizo ndizo za kila siku. Nilizichana kwa wembe upande wa kidole kidogo, kulia na kushoto, kwa sababu mguu wangu ni mpana. Sisi tuliozaliwa Delta, kwenye tope la mto unapoingia baharini, miguu yetu imekua bila kubanwa na kitu, vidole vimetawanyika kama vya bata. Mume wangu aliponiona nachana raba mpya aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia subiri. Sasa ni mwaka wa pili nakimbia nazo kila siku baada ya swala ya alfajiri, pembeni mwa lami, kutoka Bungu mpaka mwisho wa mikorosho na kurudi, na hazijawahi kunichubua. Soli imeisha kisiginoni. Hazirushi, hazisukumi, zinanibeba tu. Nikichoka, zinachoka na mimi.

Jozi ya pili ni ya mashindano. Ni viatu vya kijani, vya mtumba, nilivipata gulioni chini ya rundo la viatu vya harusi. Muuzaji alikipima kimoja kwenye kiganja akasema, "Mama, hiki chepesi kama kuku wa kienyeji wakati wa njaa." Nilicheka, lakini kweli kilikuwa chepesi. Soli yake nene, laini, ukikanyaga inakurudisha juu. Aliyevivaa kabla yangu alikuwa akilalia upande wa nje, soli imelika huko, na mimi nalalia huko huko. Mtu huyo nimemfikiria sana. Sijui ni mwanamke au mwanamume, ila miguu yetu ina tabia moja.

Hivyo sivivai ovyo. Navivaa siku moja kwa wiki ili mguu usivisahau, halafu navifuta kwa kitambaa cha maji, navijaza magazeti, naviweka juu ya kabati la vyombo. Mume wangu husema viatu hivyo vinalala pazuri kuliko yeye. Si kweli, lakini si uongo sana.

Kukimbia kwenyewe nilianzia kwenye mabasi. Nauza korosho za kukaanga barabarani hapa Bungu, na basi likipunguza mwendo lazima ufike dirishani kabla ya wenzio. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anauza machungwa meza ya jirani. Alikuwa akiniona nawapita wasichana, beseni kichwani. Siku moja akasema, "Wifi, mbio zote hizo unazimalizia kwenye moshi wa mabasi? Si uende huko kwenye klabu ya jogging." Alikuwa anatania. Mimi nikaenda.

Aliponiona nimevaa suruali ya michezo chini ya gauni na mtandio nimeufunga nyuma, utani ukamwisha. "Mama mzima, watoto watatu, unafukuzana na vijana! Watu watasema mdogo wangu hakulishi, unakimbilia chakula." Nataka niwe wa haki kwake. Alinisema sana, tena mbele za watu. Lakini jioni za mazoezi ni yeye aliyekaa kwenye meza yangu akaniuzia, na hakula hata korosho moja isipokuwa zilizovunjika.

Mwaka huu vilabu vya wilaya vilishindanishwa. Wanawake tulipewa kilomita kumi, na tukaambiwa watatu wa mwanzo ndio wataiwakilisha wilaya mkoani. Mimi nilitaka nafasi ya tatu. Ya kwanza na ya pili sikuziwazia, na si kwa unyenyekevu. Nilikuwa nawajua wasichana wawili wa Kibiti wanaokimbia kama wamesahau chungu motoni. Lakini ya tatu ilikuwa ya mtu yeyote. Sikumwambia mtu. Niliandika kwenye daftari, "Nataka kuwa wa tatu," halafu nikaona haya, nikakata maneno kwa wino. Yanasomeka bado.

Tulianzia kiwanja cha shule, tukashika njia ya udongo upande wa Mahege, tuzunguke turudi pale pale. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Viatu vya kijani vilinichukua vizuri sana, mpaka nikaogopa kwamba nakwenda kasi isiyo yangu. Mwishoni mwa mzunguko, zimebaki kama kilomita moja na nusu, njia inashuka bondeni kabla ya nyumba za kwanza. Pale maji yalikuwa yamepita na kuacha tope jeusi, lile la kunata. Nilikuwa wa sita. Wale wawili wa Kibiti walikwishavuka, sijui kwa muujiza gani. Wengine watatu walikuwa katikati ya tope, kila mmoja ameinua mguu wenye udongo wa kujaza karai.

Nikasimama. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikaingia peku.

Kwetu Delta kiatu si cha njiani, ni cha kufikia. Njiani unakwenda peku, viatu mkononi au juu ya mzigo. Ukikaribia nyumba za watu unanawa miguu, unavaa, ndipo unapiga hodi. Kwa hiyo pale bondeni sikuwaza chochote. Niliona tope, mkono ukaenda kwenye kamba za viatu.

Na tope mimi nalijua. Hulipigi teke. Unatanua vidole, hatua fupi fupi, unang'oa kisigino kwanza. Niliwapita wawili bila kuwatazama. Wa tatu, fundi cherehani wa sokoni Kibiti, binti mdogo tu, alikuwa amesimama na kiatu kimoja, cha pili kimezama. Alikuwa anakitafuta kwa mkono.

"Vua na hicho kingine, mwanangu!" nikamwambia. "Vua, uje peku!"

Mdomo ulitangulia akili. Tayari nilikuwa wa tatu, nafasi niliyoitaka kuliko kitu chochote mwaka huu, nami nikamfundisha mtu jinsi ya kuninyang'anya.

Nikatoka ng'ambo. Nyumba za kwanza hizi hapa, na penye kalvati palikuwa na maji masafi. Nikakaa, nikaanza kunawa miguu. Mama mmoja aliyekuwa akichuma mchicha uani akapaza sauti, "We mama! Si uko kwenye mbio wewe?"

"Niko."

"Sasa unafanya nini?"

"Navaa viatu."

"Unavaa viatu katikati ya mbio?"

"Sasa nitapita vipi kwa watu na tope miguuni?"

Mchicha ulimponyoka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nafunga kamba, nasikia miguu nyuma yangu, chap chap chap. Ni yule fundi, viatu vyote viwili mkononi, peku, anapita kama upepo. Alipofika sawa na mimi akageuza kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitikia. Ningefanyaje? Amenipita, lakini amenipita kwa adabu.

Nikawa wa nne. Niliinuka na hasira, tena hasira ya nafsi yangu, nikasema hapa ndipo ulipojimaliza kwa unadhifu wako. Lakini mbele njia ilikuwa imemwagwa changarawe mpya. Changarawe ile nilikuwa naijua, nilipita pale juzi yake, ila siku ile haikunijia kichwani hata kidogo. Viatu vya kijani vikaishika. Kila nikikanyaga vinanirudisha juu, na miguu mikavu haitelezi ndani. Binti wa watu, na nyayo zake za kukaa kwenye cherehani, alianza kuruka ruka kama kuku kwenye majivu ya moto. Nilimfikia kwenye kona ya shule.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

"Asante, mama." Sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Nikaingia kiwanjani wa tatu.

Nilijivuna. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisimama nimeshika kiuno, nahema, na nilikuwa najivuna kuliko siku ya harusi yangu, maana harusini nilikaa tu, kazi walifanya wengine.

Mwalimu wa klabu yetu, kijana wa bodaboda, akaninyanyua mkono. Alikwishapigiwa simu na mwenzake aliyekuwa kule kwenye kalvati. "Mmeona akili ya mtu mzima? Kavua kwenye tope, kavaa kabla ya changarawe! Huyu alipiga hesabu!" Watu wakapiga makofi. Wifi yangu, ambaye sikujua kama amekuja, akawa anapenya katikati ya watu: "Wifi yangu huyo! Mnaona? Mimi ndiye niliyempeleka klabu!"

Ningenyamaza, ingepita. Nikashindwa. "Sikupiga hesabu," nikasema. "Niliona aibu kupita kwa watu na miguu michafu."

Kicheko kikalipuka. Wifi akasema, "Mwacheni, mtu wa Delta huyo. Hata akifukuzwa na kiboko atanawa miguu kwanza."

Lakini mzee mmoja wa klabu ya yule fundi hakucheka. Akaniambia taratibu, "Binti yangu kasema ulimwambia avue. Vizuri. Mbona hukumwambia avae?"

Neno hilo liliniingia. Kweli sikumwambia. Je, nilimtega? Nilitafuta moyoni mwangu kama kulikuwa na hila, sikuiona, lakini mtu hila yake mwenyewe huwa haioni. Basi nikamwendea binti mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye nyasi anatoa vijiwe kwenye nyayo.

"Mwanangu, nimekudhulumu?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Mama, nilikuona unavaa. Nilikuona kabisa. Nikasema moyoni, leo bibi huyu nimempata." Akatoa kijiwe kingine. "Bila wewe ningekuwa bado nimenasa kwenye tope kule. Ila mwakani utaipata shida."

"Inshallah," nikasema, na moyo ukatulia. Nafasi ile ilikuwa yangu. Nusu yake niliipata kwa aibu, lakini mbio ni zangu zote.

Chini ya turubai katibu alikuwa anaandika majina ya watu wa kwenda mkoani. Aliwaandika wale wasichana wawili, kisha akaninyanyulia macho. Jina akaandika. Klabu akaandika.

"Umri, mama?"

"Arobaini na mbili."

Kalamu ikasimama. Akainama, akanong'ona, "Niweke thelathini na tano? Huko mkoani wanapenda damu changa."

"Weka arobaini na mbili."

"Una uhakika?"

"Ndiyo miaka iliyokimbia leo, baba. Iandike yote."

Akaandika. Nikazunguka upande wake wa meza, nikasoma tarakimu moja moja kuona kama zimetimia.