Mkono Hautahiriwi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si siku ya harusi yangu wala siku niliyopewa cheti cha ualimu. Ni siku niliyofunga mdomo wakati nilipotakiwa kuufungua. Watu husema ulimi hauna mfupa, wakimwonya anayeropoka. Wangu siku ile haukuropoka hata neno moja, na bado uliharibu maisha ya mtu.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia umejitoa kwenye kwaya ya chuo chenu, eti kiongozi mliyewekewa ni msichana aliye nyuma yako mwaka mzima. Sikukukemea ulipofika. Nilikuacha ule kwanza, maana mwenye njaa hasikii. Sasa umekula.

Sisi tulisoma enzi za Mwingereza, katika chuo cha wamisheni upande wa Mugumu. Kutoka kwetu Kerende tulikwenda kwa miguu. Mto Mara ukiwa mtulivu tulivuka kwa mtumbwi. Ukifura, ulikaa ng'ambo ukisali. Tulifundishwa hesabu, historia, kilimo, useremala, na muziki. Usicheke, muziki ulikuwa somo. Jioni uwanja ulikuwa wetu wanafunzi: huku bendi ya tarumbeta ikitisha kuku wa mkuu wa chuo, kule vijana wa kwetu na litungu la nyuzi nane, na darasani kwaya ikifanya mazoezi. Lakini kwaya ndiyo iliyokuwa roho ya chuo. Mwanakwaya hakuonekana na shati chafu.

Kiongozi wa kwaya alikuwa mwanafunzi mwenzetu, Odero, Mjaluo wa kando ya ziwa. Alikuwa mwembamba, mpole, na mwenye sikio la ajabu. Ukikosea huko nyuma, alikuwa ameshageuza kichwa kabla hujamaliza kukosea. Ni yeye aliyenifundisha sauti ya nne, yaani besi. Mimi nilikuwa mzito, kila mara navutwa na sauti ya kwanza kama ndama anayefuata ng'ombe asiye mama yake. Odero alisimama nyuma yangu akinigonga bega kufuata mapigo, akisema, "Usiwasikilize wale. Sikiliza chini." Jioni nyingi alinifanyia hivyo. Hakuchoka, wala hakunicheka.

Mwezi wa Desemba nikaenda nyumbani, nikaingia jandoni. Wewe unajua mambo yetu Wakurya. Aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho ni mwanaume, na ambaye hajasimama ni mtoto, hata awe na ndevu. Wajaluo hiyo si desturi yao, wao walikuwa na ya kwao ya kung'oa meno ya chini, na mimi nililijua hilo vizuri. Lakini kiburi hakihitaji ujinga, kinajitosheleza. Nilirudi chuoni natembea kama barabara ni ya baba yangu.

Besi tulikuwa wanne, wote wa kwetu, wote tumetoka jandoni msimu ule. Jioni moja mmoja wetu, Chacha, akaniita kama tunavyoitana vijana wa kwetu, akauliza, "Mura, sisi tutaendelea kuchezeshwa na mkono wa mtoto?"

Angalia, mwanangu, alikuwa ananitania. Ningecheka, yangeishia hapo. Mimi nikajibu, "Haiwezekani."

Wakati huo ilikuwa imetangazwa kwamba mwalimu wa muziki kutoka chuo kikubwa cha mbali atakuja kutusikiliza. Alikuwa anatafuta kijana mmoja wa kwenda kusomea muziki, aje kuwafundisha walimu wengine. Chuo kizima kilijua kijana huyo ni Odero. Yeye mwenyewe alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo, wimbo wa mvua inayokuja baada ya kiangazi. Sauti tatu za juu zilikuwa zinalialia kama upepo, kisha zinanyamaza, Odero anashusha mkono wa kushoto, na besi tunaingia peke yetu, ngurumo. Alikuwa ametupa sisi ngurumo, mwanangu! Pale pazuri kuliko pote alitupa sisi.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, mgeni kaketi mbele. Sauti za juu zikalia, zikanyamaza. Odero akashusha mkono. Sisi wanne tukatazama bati la paa.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Odero akainua mkono tena, akanitazama mimi, si wenzangu, mimi. Akaushusha tena, taratibu, kama mtu anayemsihi mwenzake. Nikaendelea kuhesabu misumari ya bati. Mwishowe akaimba ile besi mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haikufika kule chini, ikakatika, na watu wakacheka. Mgeni akapiga makofi ya adabu, akamwambia mkuu wa chuo, "Sauti mnazo. Kiongozi bado." Akaondoka, hakumchukua mtu.

Tulipotoka nje Odero alinifuata. Nilikaza ngumi, nikijua amekuja kugombana.

"Ulikuwa mgonjwa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ah. Nilidhani unaumwa."

Akageuka, akaenda zake. Alikuwa amenitafutia udhuru, nami nikaukataa.

Likizo ilipofika nilimkuta baba yangu anaziba pengo la zizi kwa miiba. Vijana wa rika langu walikuwapo, nami nikawasimulia kisa chote kwa mbwembwe, tukacheka. Baba hakucheka. Aliweka panga chini.

"Huyo kijana aliwatukana?"

"Hapana, tata."

"Hajui kuimba?"

"Anajua kutushinda wote."

"Basi kosa lake nini?"

"Hajatahiriwa, tata. Tungefuataje mkono wake?"

"Mura, siku yako ya kisu nilikuwa karibu. Sikuona mtu akikutahiri mkono. Wala wangu haukutahiriwa. Mkono hautahiriwi." Vijana wakaangua kicheko, safari hii wakinicheka mimi. Baba akaendelea, "Ujasiri ulipewa ili usimame mbele ya kisu. Wewe umeutumia kumwaibisha mtu aliyekuamini. Rudi ukamwambie umekosa."

Nilirudi, na sikumwambia. Nilikuta Odero ameomba kupumzika uongozi, na unajua nafasi hiyo alipewa nani? Nilipewa mimi. Nilipunga mikono yangu ya kiume pale mbele, kwaya ikanifuata vizuri hadi shimoni. Odero aliimba safu ya nyuma, akinifuata bila kukosa pigo hata pale nilipokosea. Kila siku nilijiambia kesho nitamwomba msamaha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yaliuma hadi tulipomaliza chuo, kila mtu akaenda njia yake.

Nilipopata akili nilikuwa tayari na watoto. Nikaenda kumtafuta kwao ziwani, nikamkuta anafundisha hesabu katika shule ndogo. Alinipokea kwa ugali na samaki katika nyumba yake pale shuleni, nikamwomba msamaha kabla sijanawa. Akacheka, "Yale yalikuwa ya ujana, bwana. Kula." Nikamuuliza kama shule yake ina kwaya. Akasema ipo, ila inaongozwa na mwalimu mwingine. Yeye hakuongoza tena tangu chuoni.

Na hiyo kwaya ilikuwa inaimba pale nje. Besi walikuwa wanachelewa, hata mimi nilisikia. Nikaona vidole vya Odero chini ya meza vinawapigia mapigo, vinawaita. Aliponiona natazama, aliutia mkono mfukoni.

Huo mfuko, mwanangu, ndio malipo yangu. Alinisamehe, nina hakika. Lakini msamaha wake haukuutoa mkono mfukoni. Alipofariki nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma ya kwaya, nikaimba sauti ya nne udongo ukiingia kaburini. Niliingia pale pale panapotakiwa. Nililia sana, maana hakukuwa na mkono wa kuniita.

Kwa hiyo nisikilize, wewe mwenye haraka ya kurudi mjini. Anayeinua mkono mbele yako anakuomba kitu kimoja tu, umwamini kwa muda wa wimbo mmoja. Usimuulize umri wake, wala kabila lake, wala kama anavaa sketi au suruali. Msikilize kama anajua, akijua, mfuate. Na ukimkosea mtu, kamwambie siku hiyo hiyo, kabla hajazoea kuishi na ulichomvunjia. Mimi majuto yangu hayakusubiri kuwa mjukuu. Nimezeeka nayo.

Jumamosi rudi mazoezini. Simama mahali pako, na yule binti akishusha mkono, ingia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio kwanza, sauti baadaye. Akupe chakula kwako na wa kula nawe. Na siku utakapoinua wewe mkono wako mbele za watu, akuepushe na mtu wa aina niliyokuwa mimi.