Mbuzi Nyuma ya Kioo

Mfanyakazi mmoja wa jumba la makumbusho aliniuliza kwenye simu kama ningeweza kuzungumza kwa niaba ya mke wangu, nikamjibu kwamba ningeweza. Kukataa hakukuhitaji Kiingereza kikubwa. Nilikubali kwa sababu niliombwa kwa adabu, na kwa sababu niliona fahari kuombwa.

Tunakaa Doonside, kitongoji cha mbali na bahari katika nchi hii ya ugenini, kwa mwanetu ambaye ni muuguzi. Katika ile miezi ambayo corona ililegea kidogo, kila Alhamisi mimi na mke wangu tulipanda treni kwenda mjini, kwenye majumba ya makumbusho yasiyotoza kiingilio. Januari nyumba yetu inachoma kama tanuri; kule kuna ubaridi, vyoo safi na mabenchi. Tulivaa barakoa, tukajiandikisha mlangoni kwa simu, tukaingia. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo kazi ya kusoma vibao ilikuwa yangu. Yeye aliishia darasa la saba. Nilimsomea kila kibao, hata pale ambapo hakuuliza.

Siku moja alisimama mbele ya kabati la kioo akacheka mpaka barakoa ikamshuka chini ya pua.

"Mzee, njoo uone. Wameifungia mbuzi."

Ndani kulikuwa na kigoda cha kukunja, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Alianza kukuna nazi kabla hajaanza shule. Mimi nimetoka Dodoma; nazi nilikutana nayo ukubwani, ikiwa tayari ndani ya wali. Kibao kilisema hicho ni kiti cha sherehe cha mzee wa ukoo, Afrika Mashariki, chenye pembe ya chuma ya urembo.

"Urembo," alisema nilipomtafsiria, akanionyesha kovu la kwenye kidole gumba. "Basi na hili nalo ni urembo."

Hakungoja nimsaidie. Alimwita mlinzi, akachuchumaa pale pale katikati ya chumba, akashika nazi isiyokuwepo, akaikuna. Mlinzi alicheka, akaenda kumwita yule mfanyakazi. Alikuja mama mwenye miwani, akachukua namba yetu. Alisema wangependa mke wangu aeleze kifaa hicho mwenyewe, sauti yake irekodiwe, na wageni waisikilize kwa vifaa vya masikioni hapo hapo kwenye kabati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii mtu kumwambia kwamba anajua jambo.

Akaanza mazoezi. Jikoni alimweka mjukuu wetu kama mwanafunzi, akamweleza kifuu, tui la kwanza, tui la pili, machicha wanapewa kuku. Mjukuu anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza, na bibi yake alimwambia, "Jibu unavyotaka, mradi usilale."

Ikaja baridi, na mji ukafungwa. Upande wetu ulifungwa kuliko pande nyingine. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu kutuambia turudi ndani, na jioni kwenye televisheni tuliwaona watu wa upande wa bahari wamejianika mchangani. Nilikasirika wakati ule na bado nimekasirika. Kurekodi kukahamishiwa kwenye kompyuta, mezani kwetu. Siku mbili kabla, yule mama akapiga simu. Mkalimani angechelewa wiki kadhaa. Kwa kuwa mimi nasema Kiingereza, itakuwa rahisi zaidi nikizungumza mimi.

Rahisi kwa nani? Kigoda kile kilikuwa kimekaa miaka mingi chini ya kibao cha uongo bila haraka yoyote. Jumba lenye uwezo wa kukiwashia taa mchana kutwa lilishindwa kumngojea mkalimani kwa ajili ya mwanamke mmoja. Lakini hayo nayasema leo. Siku ile nilisema ndiyo, halafu nikamwambia mke wangu kwamba ndivyo walivyoamua wao. Huo nao ulikuwa uongo.

Alikaa kando yangu, nje ya picha. Yule mama alitaka nianze na sentensi moja ya Kiswahili, kwa ladha. Nikasema, "Huyu ni mbuzi wa sherehe."

"Mbuzi ya," mke wangu akasema. "Ya kukunia nazi. Huyo unayemtaja wewe ana mkia."

Nilimwinulia mkono anyamaze. Yule mama aliuliza jina hilo lina maana gani, nikamwambia ni mnyama. Akauliza uhusiano wake na kiti. Sikuujua. Ningegeuka kumuuliza aliyekaa kando yangu, lakini niliona aibu kwamba kitu kilichotufikisha mbele ya Wazungu wale ni cha jikoni, na aibu zaidi kwamba sikijui. Nikasema wazee hukikalia kugawa nyama mbuzi anapochinjwa. Yule mama alifurahi sana. Maneno yangu yalifanana na kibao chake.

Mke wangu aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mji ulipofunguliwa tulirudi, tukaonyesha vyeti vya chanjo mlangoni. Alisisitiza kuvaa vile vifaa vya masikioni mwenyewe. Mimi nilisoma karatasi waliyowawekea wasiosikia, yenye kila neno la mazungumzo. Sentensi yangu ya Kiswahili ilikuwapo, imeandikwa vizuri, na tafsiri yake. Chini yake waliandika: Mwanamke anasema jambo lisiloeleweka.

Lisiloeleweka. Watu milioni ngapi wangelielewa? Hata mjukuu wetu, anayejibu kwa Kiingereza, angelielewa.

"Wameandika nini?" aliniuliza.

Nilimsomea. Ni maandishi pekee ya pale ambayo nilitamani nisijue kuyasoma.

"Sawa," alisema, akavivua vile vifaa na kuvitundika mahali pake. "Tuwahi treni."

Niliwaandikia barua. Nilieleza kwamba nilisema uongo, kwamba hiyo ni mbuzi ya kukunia nazi, na kwamba anayejua yupo na yuko tayari. Walinishukuru kwa mchango wangu, wakasema utazingatiwa. Kibao hakijabadilika. Sauti yangu bado inagawa nyama ambayo haikugawiwa kamwe.

Alhamisi naenda peke yangu. Yeye anasema miguu inamuuma, ingawa sokoni anafika. Mjukuu akimuuliza jambo la nyumbani, hata la wali, anajibu, "Muulize babu yako, ndiye msemaji." Hasemi kwa ukali. Zamani alikuwa akiniambia mambo tukiwa kwenye treni: nani alikuwa jirani yao, kisima chao kilikauka lini, mama yake alimfundishaje kushika kifuu asijikate. Mengi sikuyasikiliza, nilikuwa nangoja nimsomee vibao.

Kuingia pale ni bure hadi leo. Mimi kulinigharimu mazungumzo ya mke wangu. Tunakula meza moja, wali wake una nazi kama kawaida, na hanisimulii kitu.