Siku Tatu Ambazo Bi Baridi Hakuziandika

Mlango wa chumba cha chanjo hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na mwenye ufunguo haanzi kwa kuwasha taa. Huenda moja kwa moja kwenye friji, huufungua mlango wake kwa upana wa kiganja, husoma kipimajoto kilichoning'inia kwenye kikapu cha juu, hufunga, kisha huandika namba katika karatasi iliyobandikwa ubavuni. Saa tisa na nusu alasiri hurudia. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Wenzake humwita Bi Baridi, kwa sababu ya friji hiyo, na kwa sababu ya sweta la kijivu ambalo halivui hata jua likiwaka vipi.

Namba ikiwa kati ya mbili na nane, siku inaendelea. Lakini Bi Baridi haiamini namba peke yake. Kwenye sehemu ya kugandishia ameweka kikombe cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu ameweka sarafu. Umeme ukikatika muda mrefu, barafu huyeyuka na sarafu huzama. Umeme ukirudi, maji huganda tena na sarafu hubaki chini. Mwaka mmoja, Jumatatu asubuhi, kipimajoto kilisoma tano na sarafu ilikuwa imelala kwenye kitako cha kikombe. Alivitoa vichupa vyote vya chanjo ya surua akaviweka kwenye sanduku la kuteketezwa. Nje, kina mama zaidi ya thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao.

"Namba inasema tano," mkuu wa kituo alimwambia, akijitahidi asipaze sauti.

"Sasa hivi ni tano, bosi. Jana sijui ilikuwa ngapi. Na wewe hujui."

Kina mama walirudi nyumbani wakinung'unika, wakaambiwa waje baada ya siku nne. Tangu siku ile hakuna mtu kituoni hapo anayeuliza mara mbili kama chanjo ni nzima. Wanamuuliza yeye, basi.

Ukaidi wake una chanzo, ingawa hakitaji mpaka aulizwe. Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wake wa miaka mitatu aliugua surua. Ilianza na homa na macho mekundu, ikaishia kifuani, na mtoto hakupona. Chanjo ilifika mtaani kwao mwaka uliofuata.

Ndiyo maana watafiti walipokuja kituoni na swali lao, yeye alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Walitaka kujua kama chanjo ya surua, iliyotengenezwa kwa ajili ya surua tu, inaweza pia kumkinga mtu mzima dhidi ya magonjwa mengine ya kifua: mafua makali, kikohozi, homa ya mapafu. Daktari aliyeongoza utafiti, mwanamke mwenye miwani minene anayeongea kama mtu anayehesabu hatua, aliwaeleza wafanyakazi waliokusanyika kwamba chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa huushtua mwili mzima.

"Ni kama kengele," alisema. "Anaamka mlinzi wa lango moja, lakini na wengine wanaisikia. Swali ni kama hao wengine hubaki macho, na kwa muda gani. Kuna waliopima wakaona ndiyo. Kuna waliopima wakaona hapana. Mimi sijui, ndiyo maana nimekuja."

Wahudumu wa afya mia nne kutoka vituo mbalimbali walijiandikisha. Nusu walichomwa chanjo, nusu walichomwa yale maji tu ambayo hutumika kuichanganya. Aliyechoma hakujua, aliyechomwa hakujua. Orodha ya nani alichomwa nini ilifungiwa mahali. Kila mmoja alipewa daftari dogo la kujaza kila jioni: homa, mafua, kikohozi, ipo au haipo. Kila Ijumaa muuguzi wa utafiti alipiga simu kuuliza yale yale. Mtu akikohoa, alitumwa mhudumu kumpitishia pamba puani ili kijidudu kijulikane.

Kifua cha Bi Baridi ni kibovu kwa miaka mingi. Msimu wa mvua ukifika, huwezi kumkosa kwenye foleni ya wagonjwa. Safari hii wiki zikapita. Ya tano, ya nane, ya kumi na moja.

"Kumi na moja, baba," alimwambia mumewe, fundi cherehani ambaye meza yake iko sebuleni, karibu na dirisha. "Sijakohoa hata mara moja."

"Usiiseme kwa sauti, mvua itasikia."

Ikasikia. Wiki ya kumi na mbili, Jumanne, kikohozi kikamshika, kikavu, cha kumkunja mgongo, kikakaa mpaka Alhamisi. Kila jioni Bi Baridi alikaa mezani na daftari, na kila jioni aliweka alama kwenye "haipo". Ijumaa simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Wiki hii kuna kikohozi?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna."

Cherehani ikanyamaza. Mumewe alingoja mpaka simu ikatwe.

"Mama, juzi humu ndani alikuwa anakohoa nani? Cherehani?"

"Kilikuwa kidogo tu."

"Kidogo gani cha siku tatu? Mimi mwenyewe sikulala."

"Wewe unataka chanjo ionekane haifai kwa sababu ya kifua changu? Dawa nimeitunza miaka yote hii, leo nikaishitaki mimi?"

Fundi alikata uzi kwa meno. "Mimi nashona nguo tu. Lakini mteja akinidanganya kiuno, suruali ndiyo inayopata aibu."

Akakanyaga pedali, cherehani ikaendelea.

Bi Baridi anasema Jumamosi na Jumapili zile zilikuwa ndefu. Alikuwa na miaka miwili kabla ya kustaafu. Akikiri, angeweza kuondolewa kwenye utafiti, na hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba habari ingerudi kituoni, na mtu yeyote angekuwa na haki ya kuiangalia karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa friji, namba za miaka ishirini na sita, na kuuliza ngapi kati ya hizo ni za kweli. Jumatatu alisoma kipimajoto, akaandika nne, akafungua sehemu ya kugandishia. Sarafu ilikuwa juu, mahali pake. Akaomba ruhusa ya nusu siku.

Daktari alimkuta amekaa wima kwenye kiti cha mapokezi ya ofisi ya utafiti, daftari mapajani.

"Nimelidanganya hili," alisema kabla ya salamu.

"Siku ngapi, mama?"

"Tatu. Na simu moja."

"Kwa nini?"

"Niliipendelea chanjo."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ulichomwa nini? Chanjo au maji?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Sasa tuseme ulichomwa maji. Kikohozi chako ni cha upande wa maji. Ukikificha, nani anaonekana anakinga watu?"

Bi Baridi alilifungua daftari kwenye siku zile tatu. "Maji," alisema.

"Maji."

"Kumbe nilikuwa nambeba mtu huku namvunja mguu."

Ofisini hapo hakuna aliyemgombeza. Alipewa kalamu na kuonyeshwa namna ya kusahihisha: mstari mmoja juu ya alama ya uongo, ili bado isomeke, ukweli pembeni, tarehe ya leo, sahihi. Ndivyo yeye mwenyewe alivyowafundisha watu kusahihisha karatasi ya friji. Kwa kipimo cha pamba muda ulikuwa umepita, na daktari akaliandika hilo pia. Kisha akamwambia aendelee kujaza.

"Wengine wangapi wamekuja hivi?" Bi Baridi aliuliza akiwa mlangoni.

"Wewe wa kwanza."

"Na waliodanganya ni wangapi?"

"Hapo sasa," alisema daktari.

Orodha ilifunguliwa miezi mitano baadaye. Bi Baridi alikuwa wa maji. Siku za kukohoa zilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kati ya waliochomwa chanjo, waliolazwa walikuwa wachache zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba huenda ni bahati tu, na daktari aliwaambia hivyo hivyo, bila kuipamba. Ndiyo au hapana bado haijapatikana.

Ukimuuliza Bi Baridi kama amevunjika moyo, anakutazama kama umemuuliza kuhusu friji ya mtu mwingine. Anamshukuru mumewe kwa kusimamisha cherehani. Anamshukuru daktari kwa kutopandisha sauti. Anawashukuru wale mia nne asiowajua waliokaa kila jioni kuandika mafua yao. Na chanjo yenyewe anaishukuru kwa kazi iliyotengenezewa: katika miaka yote ya ufunguo huo, watoto wa surua aliowaona kituoni hawazidi vidole vya mikono yake. "Hiyo yatosha," anasema. "Ikiwa na nyingine, tutaambiwa."

Waliochomwa maji walipewa nafasi ya kuchomwa chanjo halisi, na kufuatiliwa miezi mitatu zaidi. Alikubali. Alichagua kichupa kutoka friji yake mwenyewe. Ijumaa ya tatu simu ikaita, na fundi akaondoa mguu kwenye pedali, asikilize.

"Shikamoo, mama. Wiki hii kuna kikohozi?"

"Marahaba, mwanangu. Kipo. Kimeanza jana, saa tisa na nusu. Mlete mtu wa pamba."