Waliambiwa Wasilale Pamoja, Hawakuambiwa Mpaka Lini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja huko Ringwani, nilipewa ndoo, mopu na gauni la bluu lililonibana makwapani. Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Nilijua kufua mashuka na kunyamaza. Kunyamaza ndiko walikokupenda. Muuguzi Mfawidhi wa pale alikuwa mkali, lakini chai alikunywa na sisi. Nalisema hilo maana wengine baadaye walitutenga hata vikombe.

Nikahamishiwa hospitali kubwa, sitaitaja. Huko nikawa mhudumu wa wodi na mkalimani pia, kwa sababu madaktari walitoka mbali na akina mama wa Kemambo wanaumwa kwa Kikurya.

Basi akaja Bhoke kupimwa. Alikuwa amemaliza mionzi mwaka uliopita, ile mashine inayochoma uvimbe bila moto kuonekana. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imetulia, yeye analia.

"Mama, mume wangu kanijengea nyumba peke yangu. Ameniondoa. Mawifi wananicheka."

Nikatoka nje kumfokea mumewe, Marwa, mwendesha bodaboda wa Sirari.

"Mura, kijana wangu, mke apone ndipo umfukuze?"

"Nani kafukuza? Daktari alisema tusilale pamoja. Chumba kimoja ningeweza, mama? Mimi si jiwe. Nikajenga."

"Alisema mpaka lini?"

"Hakusema. Mwaka wa pili huu nasubiri."

Nikaenda kumuuliza Mganga Mkuu, daktari mkubwa wa hospitali. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, si amepona? Anataka nini tena?"

Nilichemka! Kukataza walikuwa na sauti, kuruhusu wakaona haya.

Matroni, mkuu wa wauguzi, ndiye aliyewaita wote wawili akafunga mlango. Nilitafsiri jasho linanitoka, maana kwetu mama wa rika langu hayatamki hayo mbele ya kijana wa rika la mwanangu. Matroni alisema katazo lilikuwa la wakati wa matibabu na wiki chache baadaye. Saratani haiambukizwi kitandani. Ila uke hukauka na kubana baada ya mionzi, ndiyo maana kuna kipanuzi, kijiti laini cha plastiki cha kuuzoesha polepole, na jeli ya maji, siyo mafuta ya kupikia. Damu ikitoka au maumivu yakizidi, warudi.

"Haraka hakuna," akasema. "Na mke akisema basi, ni basi."

Bhoke akamgeukia mumewe. "Kumbe ulikuwa unasubiri?"

"Ulidhani naota jua kule nje?"

Bhoke akamchapa kofi la bega, wakacheka, Matroni naye. Mimi sikuweza. Watu wanapendana, wamekaa nyumba mbili kwa sababu mwenye koti jeupe aliona aibu kumalizia maneno yake!

Sasa nimestaafu, magoti yameisha, napalilia mihogo. Juzi nilimsindikiza binti wa dada yangu, aliyetibiwa saratani ya titi. Daktari kijana, mwenye shikamoo bibi nyingi, akamwambia asibebe ndoo nzito, ale mboga, arudi kliniki. Akafunga faili.

"Na mumewe je?" nikauliza.

Akacheka.

"Utacheka tukiondoka, mjukuu wangu. Sasa jibu."