Hisa za Baba Kabla ya Lumbe

Baba alikuwa dereva wa trekta, na uzeeni alinunua hisa za kampuni ya Marekani inayotengeneza matrekta. Alizinunua kwa simu yangu, kidogo kidogo, hadi zikafika mia. Kila Jumapili nilipotoka Busia, ninakofanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani, na kufika nyumbani Iyolwa, alitaka aonyeshwe ule mstari wenye jina la kampuni. Alipofariki, mama akawa ndiye anayeuomba. Kusoma hajui, lakini mstari aliujua.

Kwetu mtu akishazikwa, mali yake haiuzwi mpaka siku ya lumbe, ukoo unapokaa kumaliza matanga na kumtaja mrithi. Baba mdogo alituonya tungali makaburini.

"Hata jembe, musiuze. Mwenye atauza, ameuza ndugu yangu."

Mimi nina ugonjwa wa ujanja, na sijapata dawa yake. Nilipopangiwa kuleta fahali wa lumbe, nilikuwa nimesoma kuhusu kuuza haki ya kununua. Hisa zinabaki kwako, ila unampa mtu haki ya kuzichukua kwa bei mliyopatana, kabla ya tarehe fulani. Anakulipa ada papo hapo. Bei ya soko isipofika pale, hisa zinabaki zako na ada ni yako. Ikivuka, anazichukua kwa bei ileile. Nikajiambia kwamba huko si kuuza, ni kukodisha tu. Bei ilikuwa imelala miezi mingi, nami niliweka bei ya juu, na tarehe ya mwisho ikawa Ijumaa, siku nane kabla ya lumbe.

Ada ilinunua fahali. Baba mdogo alimpigapiga nunduni, akasema kweli mimi ni mtoto wa ndugu yake.

Wiki ile ile bei ikaamka. Wenzangu forodhani walichungulia simu yangu wakanipongeza, wakataka soda. Nilitabasamu kama mpumbavu. Nadhani Busia nzima nilikuwa peke yangu niliyeombea mali yangu ishuke bei. Soko la Marekani hufunguliwa jioni yetu, na kila ilipokaribia saa hiyo niliacha mizigo nikaitazama simu. Siku ya kwanza ningeweza kuinunua tena haki ile na kujinasua. Nikasema ngoja kesho, huenda bei itarudi. Kesho yake gharama ilishapita bei ya fahali, na mshahara wangu haukuifikia tena.

Jumamosi asubuhi hisa hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na dola, nyingi kuliko alizotumia baba. Mtu mwingine angechinja kuku. Biashara hii inamfaa yule ambaye moyo wake umeshaagana na hisa, akiona bei aliyoitaja inamtosha. Hilo nililisoma, tena mapema. Nililiruka, nikaona linawahusu watu wanaopenda vitu vyao kupita kiasi. Sasa kwa bei mpya dola zile hazikutosha kurudisha zote mia, na hata zingetosha, zisingekuwa zile alizonunua yeye.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwa sababu kutokwenda kungekuwa sawa na kusema nimeziuza. Mama aliuza samaki wa ziwani kutoka Majanji sokoni Busia miaka mingi, na jambo likiwa zito huacha lugha yetu ya Kidhopadhola akatumia Kiswahili cha soko. Alifuta mikono, akaishika simu, akaitazama sana.

"Mustari ya mzee iko wapi?"

Nilimweleza yote, ada, bei, tarehe, fahali. Nilimwonyesha dola. Nilisema haraka, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojichukia.

"Pesa naona," alisema. "Mimi nauliza ya mzee."

Akanirudishia simu.

"Jumamosi ukoo itakaa, na baba yako mdogo atauliza mbele ya watu. Mimi sitasema kitu. Utasema wewe."

Niliogopa kuliko siku tuliyomzika baba.