Maji ya Moto ya Wakala

Juzi mpwa wangu anayejiandaa kwenda China alinionyesha namba ya kuitia gari la wagonjwa huko, nikakumbuka mchana mmoja nyumbani Nakwa, maharage yakiungua jikoni. Mama, aliyekuwa Guangzhou kununua nguo za duka, alimpigia Baba simu akilia: "Baba Neema, tumbo linanikata, na hapa hotelini hakuna anayenielewa."

Baba akampigia wakala wa safari za biashara aliyekwenda na Mama huko, simu ikiwa kwenye spika.

"Mwambie anywe maji ya moto," wakala alijibu huku akitafuna.

Nilikuwa mdogo, nikadhani ni daktari, nikafurahi. Mama aliporudi ndipo tukajua: kumbe wakala alikuwa katika hoteli hiyohiyo, ghorofa ya chini, na hakuinuka! Mfagiaji wa Kichina ndiye aliyeita gari. Mama akapasuliwa kidole tumbo, akapona.

Mama akikutana na wakala yule sokoni humwamkia. Mimi shikamoo yangu haipati.