Boti Iliyoanikwa Kando ya Ghala

Mto ulipozibwa ili utoe umeme, maji yaliingia katikati ya ukoo wetu. Sisi tulibaki upande wa Siakago. Wifi yangu alikuwa ameolewa ng'ambo. Mume wangu akanunua boti ya mbao, ndefu na nyembamba, upana wake wa mbuzi wawili waliosimama ubavu kwa ubavu. Siku za soko ilibeba magunia ya ndengu na mbuzi waliofungwa miguu. Jumapili, baada ya kanisa, aliisugua mpaka harufu ya mbuzi ikapungua, akawatembeza vijana wa kwaya na chupa zao za chai. Mimi nilikaa nyuma nikimenya maembe. Sikujua kuogelea. Yeye pia hakujua.

Alipofariki kwa homa ya mapafu, niliwaomba shemeji zangu waitoe boti majini. Kwetu plau ikimaliza msimu hurudishwa nyumbani, nami niliona boti ni plau yake. Tuliilaza kando ya ghala, juani, nikawa naifagia kila asubuhi. Nasema kweli: nilifurahi kwamba haiendi tena popote.

Miezi mitatu baadaye wifi alijifungua mvulana, akapewa jina la mume wangu.

"Nipeleke nikamshike," mama mkwe akaniambia. Njia ya kuzungukia darajani ni siku nzima, na magoti yake hayakuiweza.

Tukairudisha boti. Maji yakaingia kati ya mbao kila mahali. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe, viatu vya kanisani mkononi. Nilijua ni mimi niliyeiharibu.

Mvuvi mmoja mzee, aliyehamia kwetu kutoka Ziwa Viktoria, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyinyi watu wa mbuzi! Boti mnaianika kama ndengu?"

"Cheka tu," mama mkwe akamjibu. "Siku uliyochunga mbuzi wangu walirudi nusu."

"Pole, mama. Mbao zimekauka, zikasinyaa. Ijazeni mawe, muizamishe. Zikinywa maji zitafura zenyewe."

Hilo lilinishinda. Nilikuwa nimemzika mwenye boti. Sikutaka kuiona nayo ikishuka. Mama mkwe ndiye aliyeweka jiwe la kwanza.

Siku ya sita tuliyatoa mawe, tukakumba maji kwa makopo. Ikaelea. Ilivuja kidogo tu, pale nilipozoea kukaa. Nikashika kasia kwa mara ya kwanza, tukaenda upogoupogo, mama mkwe akikumba maji kwa kopo la chai na mvuvi akitufuata kwa boti yake.

"Mama, ng'ambo iko huku!" mvuvi alinipigia kelele.

Tulipofika, mama mkwe alimpakata mtoto, akamnusa kichwani muda mrefu. Wifi akamwita mtoto kwa jina la mume wangu, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita mtu aje kula.

Mimi niligeuka nikatazama boti.